Picha Imekatika Lini? Kutafuta Ubovu wa Kamera na Mitambo ya Matangazo Ndani ya Helikopta

"Picha haiko!" Sauti hiyo ikiingia kwenye hedseti kutoka studio, fundi mgeni huanza kuchomoa waya. Usichomoe kitu. Uliza kwanza imekatika lini: injini ilipokuwa inawashwa, tulipokuwa tunapanda, tulipokata kona, au tulipokuwa tumesimama hewani juu ya uwanja wa mpira? Nimekaa kiti cha nyuma cha helikopta za kukodi hapa Lubumbashi muda wa kutosha kujua kwamba saa ya ubovu husema mengi kuliko taa nyekundu za mashine. Kwa hiyo sitapanga mambo kwa majina ya vifaa. Nitafuata safari yenyewe, tangu tunapoondoka uwanja wa ndege wa Luano hadi tunaporudi.

Kazi hii ilianza na ubovu tangu siku ya kwanza. Julai 1958, huko Los Angeles, mhandisi John Silva wa kituo cha KTLA alipakia kamera na transmita (mtambo wa kurusha mawimbi) kwenye helikopta aina ya Bell 47. Walipopaa kwa majaribio, waliobaki chini hawakuona kitu. Silva alitoka akasimama kwenye mguu wa helikopta ikiwa ingali hewani, akafungua kasha la transmita, akakuta tyubu moja (kile kichupa cha kioo kilichotumika kabla ya transista) imekufa kwa joto na mtikisiko. Kesho yake picha ikaonekana. Tyubu zilikwisha zamani, lakini joto na mtikisiko tungali nao, na ubovu mwingi utakaousoma hapa ni watoto wao. Ila ile ya kutoka nje usiige.

Kabla ya kupaa: nani shahidi?

Picha hutoka kwenye kamera iliyomo ndani ya ule mpira unaoning'inia puani au ubavuni mwa helikopta, yaani gimbali. Hupita kwenye kebo ya SDI (waya wa picha ya dijitali) hadi skrini na rekoda ya kabini, ikaenda kwenye enkoda (mashine inayoibana picha) na transmita, ikashuka kwenye antena iliyo chini ya tumbo. Baada ya hapo ni hewa tupu, halafu risiva, yaani kipokezi cha mawimbi, juu ya paa la watu, halafu studio. Kwenye njia yote hiyo rekoda ndiye shahidi wako, kwa sababu imekaa katikati. Studio wakilalamika huku rekoda ina picha safi, kamera, lenzi na gimbali havina hatia: tafuta kuanzia enkoda kwenda mbele. Rekoda nayo ikiwa nyeusi, usimsumbue mtu wa paani. Nimeona saa nzima ya mafuta ikiungua kwa sababu tu hakuna aliyeangalia rekoda.

Kuna ubovu ambao hausubiri safari. Skrini ya kabini inaonyesha picha, studio wanaona giza au picha inayoruka-ruka, na ilikuwa hivyo hata kabla hamjapanda. Hapo angalia menyu ya kamera. Kamera nyingi tunazonunua za mtumba zimetumika Marekani, ambako kazi hufanywa kwa mwendo wa picha wa 59.94 kwa sekunde, na sisi huku ni 50. Kamera ikitoa 1080i59.94 kwa mitambo inayosubiri 1080i50, vifaa vingine vitakataa kabisa, vingine vitakubali kwa shingo upande. Baada ya hapo linganisha transmita na risiva: masafa, upana wa mkondo, aina ya modulesheni (namna picha inavyopakizwa kwenye mawimbi), na ufunguo wa siri kama mnautumia. Kimoja tu kikitofautiana, risiva itakaa kimya kama haijawahi kukujua. Sisi tumebandika kipande cha plasta nyeupe juu ya vyote viwili, namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Wageni huchekelea plasta yetu. Wacha wachekelee.

Injini inawashwa

Dalili: kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, stata (mota ya kuwashia injini) ikazunguka, skrini zote zikazima, kamera ikaanza upya, gimbali ikageuza uso kutazama mbingu.

Hapo hakuna kilichoharibika. Helikopta nyingi hupumzika kwa betri ya volti 24, na jenereta yake ikishaingia, njia ya umeme husimama kwenye volti 28. Katikati ya hayo mawili, stata hunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka safari, volti zikaanguka, kisha zikapanda kwa kishindo. Vifaa vyetu havipendi kuanguka kule wala kishindo hiki. Acha swichi kuu ya mitambo ikiwa imezimwa mpaka komanda (ndivyo tunavyomwita rubani huku) akuambie jenereta imeingia.

Vikizima tena hata baada ya jenereta kuingia, hilo ni jambo lingine. Kamera za kazi hutaka volti 12 au 14 hivi, kwa hiyo kuna kibadilisha volti kati yake na zile 28. Kosa la kawaida ni kukipima kikiwa hakina mzigo. Mita inasoma 13.8, kila mtu anaridhika, kamera ikiwashwa pamoja na injini ya zumu volti zinaporomoka hadi 10 na picha inakufa. Pima huku kila kitu kimewashwa, na weka ncha za mita pale kebo inapoingia kwenye kamera, usiziweke kwenye kibadilishaji. Mara moja nilimtafuta mchawi siku mbili. Nikaja kumkuta kwa kidole: waya mmoja mwembamba, ambao mtu aliuunga kwa haraka akiutoa kwenye gari, ulikuwa wa moto mpaka nikarudisha mkono. Tuliweka waya mnene, kichwa cha waya kikabanwa kwa koleo lake badala ya meno, ugonjwa ukaisha.

Kikata umeme kikiruka, usikirudishe mwenyewe. Mwambie komanda. Akikubali, kirudishwe mara moja tu baada ya kupoa. Kikiruka tena, mitambo ibaki imezimwa na mrudi nyumbani. Moshi ndani ya kabini si habari ya kutangaza.

Kuhusu gimbali: ikiwashwa, jairo zake (vihisi vya mzunguko) hutafuta usawa wa dunia kwa dakika chache, na wakati huo haitaki kutikiswa. Mwandishi akipanda na begi lake katikati ya shughuli hiyo, helikopta ikainama kidogo, gimbali itaamini kwamba dunia imeinama. Utaruka ukiwa na upeo wa macho uliokaa mshazari safari nzima. Abiria wote wakae na kufunga mikanda kwanza, ndipo iwashwe.

Tunapanda

Ukungu kwenye picha una mahali pawili pa kukaa, na dawa zake hazifanani. Ukiwa nje ya kioo, utaondoka wenyewe kwa upepo ndani ya dakika mbili tatu. Ukiwa ndani ya gimbali, utazidi kadiri mnavyopanda, kwa kuwa hewa hupoa karibu digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000, kioo kikapoa nayo, na unyevu uliofungiwa ndani ukakimbilia kwenye kioo hicho. Wa nje ni kosa lako la asubuhi: umeitoa kamera kwenye chumba cha kiyoyozi ukaiweka moja kwa moja kwenye joto la Januari lenye mvua. Itoe saa moja kabla, ikae ndani ya sanduku lake lililofungwa, izoee. Wa ndani ni kosa la mpira wa kuzibia uliochakaa. Badilisha mpira huo, weka vipakiti vipya vya kukausha unyevu, na kama gimbali yenu ni ya kujazwa naitrojeni, ijazwe. Kuipangusa hakusaidii.

Dalili nyingine ya kupanda: ukivuta zumu karibu kabisa picha ni kali, ukirudi mbali inakuwa laini kama imepakwa mafuta. Wengi husema lenzi imekufa. Haijafa. Umbali kati ya lenzi na sensa umesogea kwa joto au kwa mtikisiko, na unarekebishwa kwa ile pete ya nyuma ya lenzi. Chini kwenye karakana watu hutumia karatasi yenye nyota ya mistari. Sisi tuna kitu bora: bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi. Liko mbali vya kutosha, halisogei, na kingo zake zimekata anga wazi. Helikopta ikiwa chini, fungua airisi (tundu la mwanga la lenzi) yote, vuta zumu mpaka ncha ya bomba ijae, weka fokasi. Rudisha zumu mwisho, usiguse fokasi, zungusha pete ya nyuma mpaka kingo ziwe kali. Rudia mara tatu. Asubuhi ndiyo saa yake, maana ikifika saa sita mchana bomba zima linacheza kwa joto na utarekebisha uongo.

Tunakata kona

Hapa ndipo pana kesi nyingi kuliko kwingine kote, na hapa ndipo studio na angani hutukanana.

Zamani, kwa mitambo ya analogi, picha ilikuwa ikidhoofika polepole, inajaa chenga kama theluji, unajua unaenda wapi. Ya dijitali ni kama ukingo wa shimo la mgodi. Unatembea vizuri, unatembea vizuri, halafu huna ardhi. Picha inakuwa safi, inavunjika vipande vya mraba, inaganda, inapotea, yote ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana usiangalie uzuri wa picha, angalia namba ya nguvu ya mawimbi kwenye risiva. Mtu wa paani awe anaisoma kwa sauti.

Tulikuwa tunazunguka juu ya uwanja wa TP Mazembe, Kamalondo, siku ya mechi. Picha ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika, inarudi. Kijana wa risiva akapiga kelele: "Vié, inakata-kata! Ni transmita!" Nilikuwa karibu kuizima niiwashe upya. Kisha nikaanza kuhesabu. Ilikuwa inakatika mara moja kwa kila mzunguko, na kila mara tukiwa upande ule ule wa mbali wa uwanja. Transmita mbovu haijui upande wa uwanja. Tulikuwa tunazunguka kwa kuinamia kushoto, na helikopta ikiinamia kushoto tumbo lake hutazama kulia. Tukifika upande wa mbali, risiva ilikuwa kushoto kwetu, na antena iliyo chini ya tumbo ikajificha nyuma ya mwili wa helikopta yenyewe. Nikamwomba komanda apanue duara ili asiiname sana. Picha haikukatika tena mpaka mwisho wa mechi.

Ukipata ubovu wa namna hiyo, hesabu. Ubovu ukirudi kwa kila mzunguko, ni kivuli cha chombo: punguza kuinama, kaeni upande wa karibu na risiva, au siku nyingine mfunge antena ya pili. Ukija mkishuka na kuondoka mkipanda, kuna jengo au miti katikati. Ukizidi kadiri mnavyokwenda mbali, ni umbali. Na ukija bila kona, bila kushuka, bila umbali, muulize mtu wa paani kama umeme umekatika. Usicheke. Jenereta ya paani huchukua sekunde kadhaa kushika, risiva huanza upya, na huku angani utakuwa umeshafungua kasha la transmita. Betri ndogo ya kushikilia risiva kwa dakika kumi ni rahisi kuliko dakika kumi za helikopta.

Kuhusu umbali kuna hesabu ya kufanyia mfukoni. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa helikopta kutoka ardhini kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa mlingoti wa risiva, zidisha kwa 4.12. Mkiwa mita 300 na mlingoti una mita 30, unapata kilomita 90 na kitu, na hapo ni kama ardhi ingekuwa tambarare na hewa nzuri. Mkurugenzi akitaka matangazo ya moja kwa moja kutoka Likasi, ambako kwa barabara ni kama kilomita 120, kwa urefu huo mpe jibu lake akiwa bado ofisini. Mkiwa pembeni mwa uwezo, geuzeni modulesheni kutoka 16QAM, inayobeba data nyingi, kwenda QPSK, inayobeba kidogo lakini kwa uhakika zaidi. Picha itapungua utamu kidogo lakini itashikilia. Mimi nikiwa na shaka naondoka Luano nikiwa tayari kwenye QPSK, na sijawahi kupigiwa simu na mtazamaji kulalamikia hilo.

Wengi sasa hawabebi transmita, wanabeba begi la laini za simu, laini nne au sita za mitandao tofauti zinazogawana picha. Ni zuri, na ni nafuu, ila lina ugonjwa unaowachanganya watu: vijiti vya mtandao vimejaa, picha haiendi. Chini mngekuwa na haki ya kushangaa. Angani sivyo. Antena za minara ya simu zimeinamishwa kuelekea ardhini, waliko wateja. Ukiwa juu, begi linaona minara mingi kwa pamoja, kila mmoja kwa pembeni, na yote inapigiana kelele. Muombe komanda ashuke kama sheria na majengo vinaruhusu, punguza kasi ya picha hadi megabiti 2 au 3, ongeza muda wa kuchelewa. Na kabla ya yote hayo hakikisha mega (data za laini) hazijaisha. Natamani ningekuwa natania.

Tumesimama hewani

Picha inatetemeka. Kuna mtetemo wa aina tatu, nao utaujua kwa macho.

Wa kwanza ni wa haraka, wa mpigo sawa, na huonekana zaidi ukivuta zumu. Huo ni wa mapanga. Robinson R44 ina mapanga mawili yanayozunguka karibu mara 400 kwa dakika, maana yake mwili unapigwa mara 13 hivi kwa sekunde. Gimbali nzima ina raba za kumeza mapigo hayo, na raba hizo hukauka kwa jua la hapa na kuwa ngumu kama soli ya kiatu. Bonyeza kwa kidole gumba: ikirudi polepole ni nzima, isipobonyea nunua nyingine. Angalia pia kebo inayoingia kwenye gimbali. Ikikazwa sana inakuwa daraja, mtikisiko unaruka raba na kupita kwenye kebo. Iachie kitanzi.

Wa pili ni picha inayopinda kama uji, nguzo zinakuwa nyoka. Huo ni wa kamera ya kawaida iliyofungwa moja kwa moja kwenye mwili au kushikwa mkononi, kwa sababu sensa yake husoma picha mstari kwa mstari na mtikisiko unaikuta katikati ya kusoma. Programu za kunyoosha picha hazitauondoa. Kata uhusiano wa kamera na chuma: iwe juu ya mapaja na mikono yako, imefungwa kwa kamba ya usalama, lenzi pana.

Wa tatu hauna dawa ya fundi. Septemba na Oktoba, saa saba mchana, ukivuta zumu kila kitu kinachemka, na juu yake kuna moshi wa nyasi zilizochomwa na wa matanuri ya makala. Hiyo ni hewa. Sogeeni karibu, tumieni lenzi pana, au rudini saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo hizo za joto utaona pia helikopta inateleza polepole badala ya kusimama, na mpiga picha anamlaumu komanda. Mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kukiwa na digrii 35, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba mko juu ya mita 2,000, na chombo kilichobeba gimbali, rekoda na watu wanne hakina nguvu ya kusimama hewani. Mshushe mtu mmoja. Kwa kawaida ni mtayarishaji.

Mistari inayopanda na kushuka kwenye taa za uwanja ni jambo dogo: weka shata kwenye 1/50 au 1/100.

Sauti

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini unatoka kwenye jenereta kupitia waya wa umeme. Weka chujio kwenye njia ya umeme ya kichanganya sauti, au kiendeshe kwa betri yake. Mngurumo usiobadilika ni wa ardhi mbili, yaani vifaa viwili vimeungwa kwenye chuma mahali pawili tofauti. Weka transfoma ya sauti katikati ya mfumo wa mawasiliano wa helikopta na kamera. Sauti iliyopasuka, kama mtu anaongea ndani ya debe, mara nyingi ni kuingiza sauti nzito ya mstari kwenye tundu la maikrofoni. Badilisha swichi.

Na mwandishi akianza kugugumia akiwa hewani, usimdhanie hofu. Huenda anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia baada ya sekunde mbili kutoka studio. Waambie wamrudishie kila kitu isipokuwa yeye.

Redio ya komanda

Komanda akisema anasikia kelele kwenye redio yake, zima mitambo yote, hata kama mko moja kwa moja hewani. Kisha washa kimoja kimoja naye akisikiliza. Mara nyingi mkosaji ni kibadilisha volti cha bei rahisi. GPS ikipotea, chunguza kebo za HDMI zisizo na kinga nzuri, maana kelele zake huangukia karibu na masafa ya GPS.

Kutua

Ule udongo mwekundu hupanda juu kabla skidi hazijagusa. Geuza gimbali itazame nyuma mkiwa bado hewani, zima transmita, funga mifuniko ya feni. Mkisimama, ngoja mapanga yatulie. Kioo kikiwa na vumbi usikipanguse kwa shati, kwa sababu chembe za udongo wa hapa hukwaruza. Puliza kwa pampu ya mkono ukianzia juu kwenda chini, kisha kitambaa laini chenye maji ya lenzi, mkono mwepesi. Halafu shika kila konekta ya BNC (zile za kuzungusha zinazoshika kebo ya SDI) moja baada ya nyingine na uizungushe. Ile itakayozunguka bila kukataa, ifunge, na uandike namba yake kwenye daftari, maana safari ijayo italegea tena mahali pale pale.